Fundi Kelele na Gari Jipya la Mwalimu

Walimwita Fundi Kelele, ingawa mwenyewe alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema kwa sauti ya chini kama mgonjwa anayemwomba muuguzi maji. Jina lilitokana na kazi. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akifunga alamu kwenye magari ya watu, na kulikuwa na wakati ambapo paka hakuweza kurukia boneti ya gari lolote pale mjini bila kitu kilichofungwa na mikono yake kulia.

Wakati huo magari yalikuwa na sauti. King'ora kimoja kilikuwa na milio sita, kikiizunguka yote kuanzia ule wa kuvuta hadi ule wa kukatakata, na kila fundi aliyejiheshimu alimwacha mteja achague wa kutangulia. Radi ikipiga alasiri, mtaa mzima ulilipuka. Watu walitoka barazani na rimoti mikononi, wengine wamejifunga taulo, wakawa wanazielekeza huku na huko kama wanafukuza nyuki. Fundi Kelele alikaa mlangoni pa karakana yake, bisibisi chini, akisikiliza.

"Hiyo ya mwenye duka la vitambaa," alikuwa akisema polepole. "Hiyo ya daktari wa meno, ina mafua. Maji yameingia kwenye king'ora. Kesho atakuja."

Na kesho daktari wa meno alikuja.

Lakini watu hawakumpenda kwa kelele peke yake. Walimpenda kwa swichi ya siri. Kila alamu aliyoifunga ilikuwa na swichi ndogo ya kukata stata ili gari lisiwake, isiyozidi ukucha wa kidole gumba, na mahali pa kuificha hapakufanana kwa magari mawili. Kabla ya kuifunga alimuuliza mwenye gari maswali matatu: unakula kwa mkono upi, nani mwingine hukaa siti ya mbele, na kitu gani unakisahau mara kwa mara. Baada ya hapo aliwafukuza watazamaji wote, hata ndugu wa mwenye gari, akajifungia ndani ya gari na kazi yake. Siri ile waliijua wawili tu. Mara moja mfamasia alimpigia simu kutoka harusini, suti imemkaa vizuri na gari limegoma, akinong'ona, "Fundi, yangu iko wapi?" Fundi Kelele naye akanong'ona, ingawa alikuwa peke yake chumbani. Mara nyingine mke wa mwenye duka la vitambaa alikuja mwenyewe karakana, kajipamba, kwa maneno matamu, akitaka kuonyeshwa swichi ya gari la mumewe.

"Shemeji," fundi alimwambia, "muulize yeye."

"Nimemuuliza. Anasema hakuna."

"Basi hakuna."

Yule mama alimtazama, akasonya, kisha akacheka mpaka akakaa kwenye tairi. "Nyinyi wanaume mnalindana kama vidole!"

Miaka hiyo ilikwenda bila kupiga hodi. Magari yalianza kuja na funguo zinazotambuliwa na gari lenyewe, yakafuata yaliyojifunga milango yenyewe, kisha yenye ving'ora vyake kutoka kiwandani. Wateja wa Fundi Kelele walipungua mmoja mmoja. Kuna wiki alifunga alamu moja. Kuna mwezi hakufunga kabisa, akawa anabadilisha globu na kutengeneza honi. Kaka wa mkewe alikuwa na ghala la vifaa vya ujenzi, na tangu mvua zianze alikuwa akimtafuta mtunza ghala mwenye macho makali na mdomo mzito. Sifa hizo mbili, katika ukoo wote, alikuwa nazo mtu mmoja.

Asubuhi ya Jumamosi inayosimuliwa hapa, mkewe alimmiminia chai ya pili, na chai ya pili katika nyumba ile ilimaanisha mazungumzo.

"Baba watoto, kaka ameuliza tena."

"Mwambie nitamjibu leo jioni."

"Jioni gani? Hii ya leo, au ile ya tangu mwezi uliopita?"

Fundi Kelele aliweka kikombe chini, akakigeuza mpini uelekee kulia, kama kawaida yake. "Leo Mwalimu analeta gari lake. Jipya. Nikiliweza kwa mikono yangu mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu, naendelea na kazi yangu na kaka yako atafute mwingine. Nikishindwa, naenda kuhesabu mabati."

"Kwa mikono yako mwenyewe?"

"Ndiyo hivyo."

"Haya. Nimekusikia," mkewe alisema. "Usije ukaubadilisha mtihani katikati."

Mwalimu alikuwa ndiye mteja wake wa kwanza kabisa. Alifundisha jiografia kwa miaka mingi na sasa alikuwa mstaafu wa miaka sabini na mitatu, mwembamba, mwenye miwani ya kamba na sauti ambayo bado ingeweza kunyamazisha darasa lililo ng'ambo ya barabara. Miaka thelathini na mmoja iliyopita alimpa kijana aliyekuwa akitengeneza redio gari lake dogo la rangi ya maziwa na kumwambia, "Haya, lifundishe kulia." Gari lile alidumu nalo mpaka watoto wake walipokutana, wakaitazama kutu yake, wakamnunulia jingine. Lilikuwa la kijivu, refu, kimya, na ndani lilinuka viatu vipya. Lilikuwa toleo la bei nafuu, halikuja na king'ora, na wiki ya kwanza tu wezi walivichomoa vioo vyote viwili vya pembeni mchana kweupe, mbele ya duka la dawa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea. Wanangu wanasema nilipeleke kwa wakala wa kampuni. Nimewaambia nina fundi wangu." Akamkabidhi ufunguo ambao haukuwa na meno. "Saa tisa nitalifuata kwa miguu. Daktari ananitaka nitembee."

Alipoondoka, Fundi Kelele alinawa mikono, akakausha kidole kimoja kimoja, akapanga vyombo kwenye kitambaa: koleo dogo, kisu, tepu ya kitambaa, pasi ya kulehemu, na taa yake. Taa ile aliitengeneza mwenyewe ujanani. Ilikuwa globu ndogo ndani ya ganda la kalamu, mbele ina sindano ya cherehani, nyuma ina waya wenye kibano cha kushika chuma cha gari. Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa rahisi. Unachoma waya kwa sindano, unafungua mlango: globu ikiwaka na kuzimika pamoja na mlango, umeupata waya wa mlango. Hivyo ndivyo alivyosoma mamia ya magari, akiwa amelala chali chini ya usukani, miguu nje, kichwa kati ya padeli. Globu ilikuwa haijawahi kumdanganya.

Aliwasha swichi bila kuwasha injini, akafungua mfuniko wa plastiki chini ya dashibodi, akapachika tochi ya paji. Alitegemea kuona fungu nene la waya zinazotoka mlangoni, kila mmoja na rangi yake, kama zamani. Aliona fungu jembamba la kutia shaka. Ndani yake kulikuwa na waya mbili nyembamba sana, zimesokotana kama kamba ya kufungia vifurushi. Alizitenga kwa ukucha, akaushika mmoja, akauchoma.

Globu haikuwaka.

Akafungua mlango kwa mguu. Haikuwaka. Aliwaza sindano haijafika kwenye shaba. Waya mpya, ngozi ngumu. Akasukuma tena, kwa nguvu kidogo. Sindano ikapenya waya wa kwanza, ikaingia wa pili.

Dashibodi nzima ikawaka. Taa nyekundu, njano, nyingine za alama ambazo hakuwahi kuziona, zote kwa pamoja. Milango ikajifunga, ikajifungua, ikajifunga tena. Vifuta mvua vikaanza kufagia kioo kikavu kwa fujo, vikikwaruza. Fundi Kelele aliichomoa sindano kama aliyeshika kaa la moto, akagonga kichwa kwenye chuma cha padeli, akatoka kinyumenyume mpaka akakaa sakafuni.

Alitoa waya wa betri. Akanywa maji. Akahesabu dakika kumi kwa saa ya ukutani, akarudisha betri, akakaa kwenye siti, akabonyeza pa kuwashia. Gari halikukohoa wala kutikisika. Alama ya ufunguo tu iliwaka na kuzimika mbele ya macho yake, kama mtu anayekupepesea jicho bila urafiki.

Alijua papo hapo kwamba mtihani ule umemfika shingoni. Lakini mabati yalikuwa jambo la jioni. Gari la Mwalimu lilikuwa jambo la saa tisa. Akachukua simu.

Mtu aliyempigia alikuwa mwenzake wa zamani, ambaye walifanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja katika karakana ile ile. Watu walimwita Kompyuta, kwa sababu alikuwa fundi wa kwanza mjini kutaka mashine ya kusoma magari. Walitengana kwa ajili ya mashine hiyo. Kompyuta alisema bila mashine wataachwa. Kelele alisema fundi anayehitaji kuambiwa na mashine gari linaumwa nini aende akauze maandazi. Hawakupigana wala hawakutukanana. Asubuhi moja kiti cha pili kilikuwa kitupu. Miaka minane sasa walisalimiana misibani tu, kila mmoja akiangalia kola ya mwenzake.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Kelele."

"Kelele gani anaongea kama kuku anayelalia mayai?" Kompyuta akasema. "Uko salama?"

"Nimetoboa gari. La Mwalimu. Jipya."

"Kwa ile taa?"

"Kwa ile taa."

Alijiandaa kwa kicheko. Kompyuta hakucheka, na hilo lilimuuma zaidi.

"Usiguse kitu. Hata mlango usiufunge. Nakuja."

Alifika baada ya robo saa, kanenepa, kipara kimemwingia katikati, begi begani. Alisimama kizingitini na kutazama karakana pande zote: rafu ya mikebe ya skrubu, kalenda ya mwaka uliopita, benchi lenye alama ya kuungua.

"Hujabadilisha kitu."

"Nimebadilisha kalenda."

"Ya mwaka jana hiyo."

"Nimeibadilisha mwaka jana."

Kompyuta akaguna, akachomeka mashine yake chini ya usukani. Kwenye kioo cha mashine kitone kikazunguka kwa muda mrefu, halafu ikaja sentensi moja. Akamgeuzia mwenzake asome.

"Haliongei," alisema. "Zile mbili zilizosokotana, ndugu yangu, ndizo ulimi wake. Milango, injini, taa, ufunguo, kila kitu humo kinazungumza na mwenzake kwa zamu. Umeziunganisha. Sasa ni kama soko lililopigwa mabomu ya machozi, hakuna anayemsikia mwenzake."

"Waya mbili?"

"Mbili tu."

Fundi Kelele alirudia neno lile moyoni. Gari la rangi ya maziwa lilikuwa na waya ishirini na mbili alizohitaji kuzijua, na bado angeweza kuzitaja kwa rangi: kahawia wa mlango, kijani mwenye mstari wa indiketa, mweusi mwenye njano wa stata. Kila kifaa kilikuwa na waya wake na njia yake.

"Umetoboa wapi?" Kompyuta aliuliza. "Maana hilo tundu halionekani. Mimi hapa ningeshusha dashibodi yote. Siku mbili, tatu."

"Saa tisa anakuja."

"Basi muombe Mungu Mwalimu achelewe, na huyo hajawahi kuchelewa tangu azaliwe."

Fundi Kelele alizima tochi ya paji, akalala tena chali mahali palepale, kichwa kati ya padeli, bega la kushoto kwenye kizingiti cha mlango, akakunja mkono jinsi ulivyokuwa umekunjika asubuhi. Akafumba macho. Kidole gumba kikatembea juu ya zile waya mbili polepole, kikarudi, kikatembea tena. Mwenzake alimshikia mfuniko usimwangukie, kama walivyozoea.

"Hapa," Kelele alisema. "Ina chunusi."

Kompyuta akamulika, akaegemea karibu, hakuona kitu. Akavaa miwani, bado hakuona. Kelele alikuwa tayari ameanza. Alizifumua zile waya msokoto mmoja, akazitenganisha kwa ncha ya kisu, na hapo ndipo unywele wa shaba ulionekana, mmoja, umevuka kutoka waya hadi waya. Akaukata. Akavisha kila waya tepu ya kitambaa, nyembamba, mizunguko mitatu, bila kuacha mkunjo, kisha akazisokota tena kama zilivyokuja kutoka kiwandani. Ilichukua dakika thelathini na tano.

Walipobonyeza, taa za dashibodi zilizimika moja baada ya nyingine, ya mwisho ikisitasita, na injini ikaunguruma kidogo, taratibu mno.

"Ewaa!" Kompyuta alimpiga begani. "Kidole hicho ukikatie bima."

Alamu yenyewe ilikuwa kazi ndogo. Kompyuta alikuwa na kisanduku kilichotosha kiganjani. Waya mbili za kisanduku ziliungwa kwenye zile mbili za gari. Nyingine zilikuwa za umeme, chuma na king'ora. Kompyuta alichagua aina ya gari na mwaka wake kwenye mashine, na kisanduku kikajua chenyewe milango iko wapi, indiketa ziko wapi, injini izuiwe vipi. Hapakuwa na cha kutafuta. Kelele alilehemu viungo, akavifunga, akapachika king'ora chini ya boneti, mdomo ukitazama chini maji yasiingie. Dakika arobaini. Zamani alianza asubuhi na kumaliza jua limeegemea ukuta wa pili, na kila alipopata waya sahihi alikuwa na furaha ndogo ambayo hakumwambia mtu.

Saa tisa kamili Mwalimu aliingia na mwavuli wake.

"Limekuwa tayari?"

"Tayari, Mwalimu." Alimwonyesha Kompyuta kwa kidole. "Lakini nisikufiche. Nililitoboa pasipotobolewa, likafa. Huyu ndiye aliyejua ugonjwa. Nisingekuwa naye, ungelikuta hapa maiti."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani, akamtazama Kompyuta, akarudi kwake. "Na nani kalifufua?"

"Yeye," Kompyuta alisema, haraka.

"Nilimuuliza yeye, si wewe. Haya, nisikie sauti ya gari."

Fundi Kelele akafunga milango, akabonyeza rimoti, akapiga tairi teke. Gari likalia. Lilikuwa na mlio mmoja, mkali, ulionyooka. Akalizima.

"Ndiyo hiyo tu?" Mwalimu aliuliza.

"Ndiyo hiyo tu, Mwalimu."

"La zamani lilikuwa kama bendi ya shule." Alitabasamu upande mmoja. "Lilinitia aibu mbele ya mkaguzi. Nililipenda."

Alipokwisha kuondoka, taratibu, akipiga indiketa hata pasipo na gari jingine, wale wawili walibaki mlangoni. Kompyuta alikwaruza ukuta kwa ukucha.

"Njoo kwangu," alisema. "Mimi nina mashine, wewe una mkono. Nimechoka kushusha dashibodi za watu."

Fundi Kelele alifikiri kweli. Aliona karakana ile nyingine, vioo, kiyoyozi, yeye chali chini ya magari yasiyomwambia kitu, akingoja kuambiwa na mtu mwingine yanaumwa nini, kisha afunge tepu. Mwenzake alikuwa amelitoa neno lile kwa moyo mweupe. Hilo lilifanya jibu kuwa gumu zaidi.

"Ahsante, ndugu yangu. Nilichokipenda mimi ni kutafuta," alisema. "Nyinyi hamtafuti tena. Si kosa lenu." Akamweleza habari ya mtihani wa asubuhi na ghala la mabati.

"Kwa hiyo umeshindwa? Mbona umelifufua!"

"Niliweka mtihani mwenyewe. Niliambiwa nisiubadilishe katikati."

"Na nani?"

"Na anayenipikia chai."

Kompyuta akakitazama kidole gumba cha mwenzake. "Mkono kama huo ukahesabu mabati!"

"Mabati hayana kompyuta."

"Yakiwekewa je?"

"Hapo nitastaafu. Kwa leo, kazi ndiyo imestaafu. Mimi bado."

Wakacheka, kwanza mmoja, halafu wote wawili, kicheko cha watu waliowahi kulala chini ya gari moja. Kisha Fundi Kelele akampigia simu kaka wa mkewe, akiwa bado ana grisi shavuni.

"Shemeji, Jumatatu saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Na uje na kalamu yako, hapa zinaliwa na watu."

"Nitakuja."

Alikata simu, akakung'uta kitambaa, akarudisha vyombo mahali pake, koleo, kisu, pasi. Alipotoka nje, Kompyuta alikuwa ameshaushika mlango wa kushoto wa karakana. Mlango ule bawaba yake ilikuwa imelegea tangu walipohamia, na haufungiki mpaka uuinue kidogo kwa goti kabla ya kusukuma. Kompyuta aliuinua kwa goti, akasukuma, ukafungika.

"Bado hujautengeneza," alisema.

"Nilikuwa na kazi nyingi," Fundi Kelele alijibu, akaweka kufuli.